Mwaka wa Wageni wa Goti

Mwezi uliopita Salim, aliyekuwa nahodha wetu, alituita nyumbani kwake Bawshar kula chakula cha mchana, wachezaji wote wa zamani wa klabu tuliobaki Maskati, na aibu iliyotupata siku ile sijasikia kuipata timu nyengine yoyote duniani. Sinia liliwekwa chini kama ilivyo ada, wali na nyama ya mbuzi, sinia la ukubwa wa kutua ndege, nasi tukasimama tumelizunguka kama watu wanaochungulia kisima. Hakuna aliyeketi. Huyu goti la kulia, yule magoti yote mawili, mwengine nyonga yake ni ya chuma na mwengine mgongo wake haukunjiki tangu enzi za redio za mbao. Sisi tuliokuwa tukiruka mpaka taa za uwanja zinatuogopa, leo tumeshindwa na zulia. Sarah, msichana wa Kiganda anayefanya kazi kwa Salim, akatoka jikoni na bakuli la achari, akatutazama mmoja mmoja. "Baba Salim, hawa wageni wanaogopa nini? Chakula kiko chini, hakiumi mtu." Salim akamwambia alete viti. "Viti vingapi?" "Vyote!" "Eh! Na uliniambia inakuja timu ya basketball. Kumbe umeniletea wodi nzima." Viti vikaja, meza ikaja, wenzangu wakapanda juu na vijiko vyao kama wajumbe wa mkutano. Mimi nikakunja miguu yangu miwili nikaketi chini peke yangu mbele ya sinia, na nyama iliyokuwa upande wa kila mmoja wao ikawa upande wangu. Salim akanitazama kwa husuda kutoka kitini. "Seif, weye ndo wa kwanza kuvunjika katika sisi sote. Tulikuzika kabla ya wakati. Vipi leo goti lako ndo zima?" Nikamwambia, mdomo umejaa, kwamba hadithi yake ni ndefu. "Basi iandike," akasema. "Si weye uliyesoma masomo ya jioni?" Nami nimesoma masomo ya jioni, nna cheti, kimetundikwa ukutani mahali ambapo hata mwenye kuja kusoma mita ya umeme lazima akione. Basi naandika.

Habari za nilikozaliwa na nani alimzaa nani nitaziruka, maana kwetu ukianza hizo hufiki kwenye mpira. Anzeni nami nikiwa na miaka ishirini na nne, urefu wangu mtu akinitazama usoni kofia yake inaanguka, jina langu uwanjani Nguzo, na kazi yangu moja tu: kusimama chini ya kikapu, kuruka, na kuudaka mpira unaporudi kutoka ubaoni kabla mtu mwengine hajauwazia. Nilikuwa na mkataba wa klabu, nalipwa kuruka. Shule nilikuwa nimeiacha njiani kwa ajili hiyo, na sikuikumbuka hata siku moja. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeshanitoka mara mbili, bega mara moja, kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kinakwenda na kurudi kipendavyo, na yote hayo niliyaona kama ushuru wa barabara, unalipa unapita. Kisha, jioni moja ya mechi, nikaruka vizuri kuliko nilivyopata kuruka maishani, wallahi niliona vumbi juu ya pete ya kikapu, nikashuka, na hakuna mtu aliyenigusa. Goti la kushoto likaenda upande wake na mimi nikaenda upande wangu. Nikasikia mlio kama mtu aliyevunja mua. Salim aliyekuwa upande wa pili wa uwanja anaapa mpaka leo kwamba na yeye aliusikia, na kwa hili mimi sitii chumvi, chumvi ni yake.

Kwa sababu nilikuwa nakaa ghorofani na ngazi sikuziweza, nikapelekwa nyumbani kwa shangazi yangu, Bi Zuwena, Azaiba, akaniweka katika majlisi, chumba cha kupokelea wageni, chenye mlango wake wa nje na choo chake. Chumba kile nakijua kuliko ninavyoujua uso wangu. Mito myekundu imeuzunguka ukuta, saa kubwa ya dhahabu isiyokwenda, kiyoyozi kilichokuwa kikikohoa kama mzee wa tumbaku, na mlango wa ndani usio na mlango, pazia tu la kijani, ambalo nyuma yake palikuwa na ukumbi wa Bi Zuwena, kochi lake na simu yake. Simu ile! Bi Zuwena alikuwa mjane, mnene, mwenye sauti ya kupiga kona tatu, na habari yoyote iliyoingia katika simu yake ilitoka imenenepa. Mtu akiugua mafua, yeye akimaliza kusimulia mtu huyo keshaoshwa. Kupitia pazia nikamsikia akiwaeleza mashoga zake goti langu: "Limegeuka, shoga, limetazama nyuma! Kapelekwa hospitali goti linatazama alikotoka! Na hajalia, mwanangu. Madaktari ndo waliolia." Nilikuwa nimelia tangu uwanjani mpaka mlango wa hospitali, lakini nilipomsikia nikaanza kuamini kwamba sikulia.

Kumtazama mgonjwa kwetu ni jambo zito, na mgonjwa aliyelazwa katika majlisi yenye mlango wa nje ni jambo jepesi, kwa hiyo walikuja wote. Walikuja baada ya maghribi, wakakaa mpaka isha na baada ya isha, na kila mmoja na chake mkononi. Halua ilijaa mpaka tukaitumia kuzuia mlango usipige. Bokoboko, sambusa, mkate wa ufuta, na kila asubuhi bakuli la supu ya makongoro, kwa sababu Bi Zuwena alikuwa na hakika kwamba goti la ng'ombe likiingia tumboni litajua lenyewe pa kwenda. Nilinenepa hadi kitanda kikaanza kulalamika. Lakini taabu kubwa ilikuwa mguu wenyewe. Hospitali walikuwa wameufunga katika kigango kigumu, umenyooka kama ubao, haukunjiki, na majlisi ni mahali pa kukunja miguu. Kumwelekezea mtu unyayo wako ni kumtukana bila kufungua mdomo. Sasa mimi na mguu ule, popote nilipougeuza palikuwa na mzee. Ami Nassor, shemeji yake Bi Zuwena, mzee mwembamba mwenye kilemba kisichopata kulegea, akajifanya msimamizi wa mguu wangu. Kila akiingia mgeni, yeye anasimama, anaushika kwa adabu, anauzungusha kuelekea mahali palipo wazi. "Samahani, sheikh, mguu wa kijana unapita." Mgeni mwengine akiingia akakaa pale palipo wazi, mguu unapita tena. Jioni nyengine nilizunguka mpaka kichwa kikauma.

Siku alipokuja rais wa klabu pamoja na kocha wetu Mtunisia, wageni walikuwa wamejaa pande zote, hapakuwa na pembe hata moja ya kuuelekeza mguu. Ami Nassor akauzungusha, akauzungusha tena, mwisho Bi Zuwena akapitisha mkono wake kwenye pazia akamrushia leso ya maua, ukafunikwa mguu mzima kama maiti, na rais wa klabu akaketi mbele ya unyayo wangu akijifanya haoni kitu. Ndipo aliposema maneno ambayo mwaka ule wote niliyabeba. Klabu ina nafasi moja ya mtu wa urefu wangu. Daktari kasema kano ndani ya goti imekatika, lazima ipasuliwe na kuungwa. "Ukipasuliwa Jumamosi hii kama ulivyopangiwa," akasema rais, "msimu ukifunguliwa utakuwa unakimbia, na nafasi ni yako. Ukichelewa, tutatafuta mwengine. Hatuna njia, mwanangu." Kocha akanigonga kifuani kwa kidole. "Saturday, Nguzo. Yaani Sabt. Khalas." Na mimi nikasema Sabt, khalas. Sikuwa na jambo jengine duniani ila Jumamosi ile.

Jioni ile ile, wageni walipotoka, nikasikia mazungumzo nyuma ya pazia. Alikuwa Ami Nassor na Bi Zuwena, wakinong'ona, na mnong'ono wa Bi Zuwena unasikika barabarani.

"Kisu kiingie kwenye goti hali baridi imo ndani? Itabaki humo humo."

"Ndo ninalosema, shemeji. Baridi itolewe kwanza," akasema Bi Zuwena.

"Upasuaji si Jumamosi?"

"Basi Alkhamisi. Yupo mzee nnamjua, anatoka upande wa Izki, mkono wake mwepesi."

"Na daktari?"

"Daktari atakuta nusu ya kazi ishafanywa. Atashukuru."

Waliokulia Oman wataelewa, wengine niwaeleze. Wazee wa bara huku wana tiba ya moto, wanaiita wasm: chuma kinatiwa kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, kisha mgonjwa anaguswa penye maradhi, na inasemekana maradhi yanakimbia. Mimi nasema na mtu yeyote angekimbia. Wakaja kunishawishi, na hawakuhitaji kusema sana. Nilikuwa kijana, nilikuwa nataka Jumamosi na nilikuwa nataka msimu, na niliona dawa mbili ni afadhali kuliko moja, kama mtu anayevaa mkanda na kamba juu ya suruali moja. Mzee wa Izki akaja Alkhamisi na kijiko chake kirefu cha chuma na chetezo. Nikauliza kama inauma. "Kidogo," akajibu Ami Nassor, ambaye hakuwa anachomwa yeye. Kigango kikafunguliwa, nikapigwa alama tatu kuzunguka goti, na ukelele wangu waliusikia Sur wakadhani ni meli inaingia. Bi Zuwena alikuwa amenishika kichwa, akilia kuliko mimi. "Imetoka, mwanangu, baridi imetoka, nimeiona kwa macho yangu inatoka!"

Jumamosi tukaenda hospitali tumevaa vizuri kama tunakwenda harusini. Daktari, Mhindi mmoja mpole mwenye miwani mikubwa, akafungua kigango akiwa anacheka na muuguzi kuhusu jambo jengine, na kicheko kikakatikia pale pale. Akaliinamia goti. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Zile alama tatu zilikuwa zimeshavimba na kutoa maji, na moja imekaa sawasawa pale ambapo alikuwa apitishe kisu chake. "Who did this?" akauliza, kisha akauliza tena kwa Kiarabu. Bi Zuwena akajibu kwa fahari, mkono kifuani: "Tumekusaidia, daktari." Yule daktari hakupiga kelele, nami natamani angepiga. Akatueleza taratibu kwamba ngozi yenye kidonda cha moto haikatwi, uchafu utaingia mpaka kwenye mfupa na mguu wote unaweza kupotea, kwa hiyo hapana upasuaji leo, wala wiki hii, mpaka zipone kabisa. Na zikipona yeye atakuwa likizoni kwao, na akirudi wapo wengi wanaongoja. Muuguzi akamtafsiria Bi Zuwena kwa upole. Nilikuwa namtazama yeye, simtazami daktari. Nikaona maneno yakimfikia moja baada ya jengine. Tulirudi Azaiba ndani ya gari na hakuna aliyesema kitu, na kwa watu wa ukoo wetu hilo ni tukio la kuandikwa gazetini.

Kocha hakuwa mtu mbaya. Akatuma habari kupitia kwa Salim kwamba msimu ule watamwazima mtu mrefu kutoka Sohar, na kabla ya msimu unaofuata nitajaribiwa, mechi moja, nikiweza nafasi ni yangu. Kwa hiyo nikawa na mwaka mzima mkononi na mguu mmoja wa kuutumia. Msimu kunipita niliuweza, kijana ana misimu mingi kichwani. Lililonishinda ni ukimya nyuma ya pazia. Simu ya Bi Zuwena ililia kama zamani, yeye akaipokea, akasema "Salama, hajambo, alhamdulillah," akaiweka chini. Hakuna goti lililotazama nyuma, hakuna daktari aliyelia. Chakula changu kikawa kinapita chini ya pazia kwa mkono, bila mwenyewe. Nilimwita aje tuzungumze, akasema ana kazi jikoni, na jikoni sikusikia sufuria hata moja ikigongana. Na wageni ndiyo kwanza waliongezeka, maana sasa palikuwa na goti na pana kisa. Walikaa kwenye mito myekundu, wakafunua leso, wakazitazama zile alama, na mmoja wao lazima aseme, kwa sauti ya huruma inayofika mbali: "Maskini Zuwena, kamchoma mtoto wa watu siku mbili kabla ya kisu." Halafu wanakula halua yake.

Ndipo nilipoamua kwenda shule. Nawaambia watu kwamba nilikuwa na kiu ya elimu, lakini kati yetu hapa, nilitafuta mahali pa kuwa kati ya maghribi na isha ambapo si majlisi ya Bi Zuwena. Mgonjwa akikosekana, wageni hawaji. Wageni wasipokuja, hapana wa kusema maskini Zuwena. Salim alikuwa na shemeji yake anayefundisha katika masomo ya jioni ya watu wazima huko Mabela, mbali kidogo, nyumba siku hizo zikihesabika, na kila jioni akanibeba katika gari lake, kiti cha mbele kimelazwa mpaka kichwa changu kinatazama dari na mguu unatazama injini. "Nguzo msomi," akanicheka njia nzima. "Tutakuita Profesa Kigango. Weye hata jina la klabu ulikuwa unaandika kwa kubahatisha!" Dawati walilonipa lilitengenezwa kwa mtoto wa darasa la pili. Niliketi nusu, nusu nyengine ikabaki nje, na mguu ukapita katikati ya darasa, mtu akitaka kwenda ubaoni anauruka. Wenzangu walikuwa madereva wa teksi, askari wawili, mwokaji mikate aliyekuja na unga kwenye nyusi, na mwalimu wetu, Ustadh Yunus, alikuwa na subira ya kumfundisha ngamia kufunga kamba za viatu. Wiki ya kwanza sikuelewa kitu. Wiki ya pili nikaelewa sehemu ya kumi kwa nini inaitwa sehemu ya kumi, na nikafurahi kwa namna ambayo sikuitarajia, kama mtu aliyeokota kitu chake mwenyewe mfukoni.

Halafu, jioni moja tukiwa katikati ya somo la volkano, mlango ukagongwa, akaingia Ami Nassor na wazee wawili nyuma yake, vilemba vimenyooka, chupa ya kahawa mkono mmoja na sahani ya halua mkono mwengine.

"Salaam alaikum. Tumekwenda nyumbani, tumeambiwa mgonjwa yuko huku."

Ustadh Yunus akasema kwa adabu kwamba huyu hapa ni mwanafunzi.

"Hapana ubaya," akasema Ami Nassor. "Anaweza kuwa vyote viwili."

Sasa mwalimu afanye nini, amfukuze mzee aliyekuja kumtazama mgonjwa? Wakatafutiwa viti. Kahawa ikapita darasa zima, vikombe vitatu kwa watu ishirini, kila mtu anakunywa anatikisa kikombe anampa mwenzake, na mwokaji akasema afadhali wagonjwa wangekuwa wengi. Ami Nassor akaushika mguu wangu, akauzungusha usimwelekee mwalimu, akaketi. Volkano ikaendelea. Baada ya muda nikamwona kaacha tasbihi yake, kaegemea mbele. Akainua mkono. "Ustadh, huo moto wa chini ya ardhi, nani anauwasha?" Akajibiwa. Akainua tena. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa, bila wale wawili, na jioni moja nikagundua haulizi tena habari ya goti. Anaingia, anaketi, anamwambia mwokaji, "Jana tuliishia wapi?" Nasema, na hapa siongezi hata chembe, kwamba mwisho wa mwaka yule mzee alikuwa anazijua bahari zote na kina chake, na akawa anawasahihisha watu misikitini.

Daktari wa miwani alinipasua hatimaye, zile alama zilipokuwa makovu makavu, na akasema kazi imekwenda vizuri, moto haukuharibu kitu ndani, umechelewesha tu. Maneno hayo nilimpelekea Bi Zuwena kupitia pazia. Akasema "Alhamdulillah," basi. Nikajifunza kutembea, nikajifunza kuchuchumaa, nikakimbia ufukweni Azaiba asubuhi na watoto wakinikimbiza nyuma wakinicheka. Mafuta ya makongoro yakanitoka kwa jasho la ndoo na ndoo. Mtihani wa jioni nikaufaulu, si kwa kishindo, lakini mlango niliupita bila kuinama. Na majira ya joto yalipokatika kocha akaniita kwenye uwanja wa ndani, mechi moja, wenyeji wenyewe kwa wenyewe, kunijaribu.

Nataka mjue kwamba nilicheza vizuri. Salim anashuhudia. Urefu haukuwa umepungua, mikono ilikuwa inakumbuka kila kitu, na watu walioketi kando walikuwa wakiita Nguzo, Nguzo, kama zamani. Mpira wa kwanza uliporudi kutoka ubaoni niliuona kabla ya wote, ulikuwa wangu, ulikuja kwangu kama kipenzi, na kabla ya kuruka nikatazama chini. Jicho moja tu, haraka, kama mtu anayetaka kujua kama sakafu imemwagiwa maji. Nikaruka, nikaudaka. Mpira wa pili nikatazama chini. Wa tatu nikajiambia usitazame, Seif, na nikatazama. Mimi niliyekuwa nikipanda juu bila kujua kwamba chini kuna kitu kinaitwa chini! Hakuna aliyeona. Mchezo ulipokwisha kocha akanikumbatia na jasho langu lote, akaniambia nafasi ni yangu, mkataba kesho.

Nikamvuta kando. "Kocha, nimekuwa nikitazama chini."

Akaacha kucheka. Na yeye alicheza zamani, kwao. "Mara ngapi?"

"Kila mara."

Akasugua goti lake mwenyewe bila kujijua. "Watu hawajui," akasema. "Wengi wanacheza hivyo, Nguzo. Miaka. Wanazoea."

Nikawaza kuzoea. Mpira ule ulikuwa chakula changu kizuri kuliko vyote, na sikutaka kuula miaka iliyobaki kama mtu anayekula samaki akihofia mwiba kila tonge. Nikamshukuru. Nikambusu kichwa. Nikamwambia mtu wa Sohar ni mzuri, wambakize. Nilitegemea nitalia njiani, nikangoja, lakini tulipopita barabara ya Azaiba ndani ya gari la Salim nikajikuta nawaza somo la jioni, na kwamba sitaki kulichelewa. Lililonilemea ni jambo moja tu, kwamba sasa lazima niingie nyumbani nimwambie Bi Zuwena.

Alikuwa amesimama katikati ya majlisi, upande wa wageni wa pazia, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi. Leso ya kichwani kaishika kwa meno. Akaniangalia usoni akasoma anavyotaka kusoma.

"Wamekukataa."

"Wamenitaka, shangazi. Mimi ndo nimekataa."

"Usinifiche, Seif. Mie si mtoto. Ni ule moto wangu."

"Moto ulichoma ngozi, na ngozi imepona. Daktari mwenyewe kasema. Leo nimeruka, nimedaka kila kitu, kocha kanipa mkataba. Hofu imo kichwani, na huko kichwani hukunichoma."

Hakuniamini. Na nani angeniamini, mtu ambaye maisha yake yote kila samaki wake ni nyangumi? Akanipita, akatoka nje na viatu vya ndani, mpaka kwenye gari la Salim lililokuwa bado linanguruma mlangoni, akagonga kioo.

"Salim! Niapie. Kocha kamtaka huyu, hakumtaka?"

"Wallahi kamtaka, bibi. Kamkumbatia mbele ya watu wote. Kamwambia mkataba kesho. Yeye mwenyewe kakataa, nilitaka kumpiga."

Akasimama pale barabarani, mkono juu ya paa la gari, muda wa kutosha gari mbili kupita. Kisha akageuka, na Mungu ni shahidi yangu, yule mama alinijia na kiatu mkononi. "Wamekutaka ukakataa? Mwendawazimu weye! Mwaka mzima mie silali, sili, nnajua nimekuvunjia riziki yako, kumbe unaweza kuruka na hutaki?" Nikakimbia, goti langu likanibeba vizuri sana, nikaizunguka nyumba yote na yeye nyuma yangu anatweta na kunitukana, na Salim ndani ya gari kalala juu ya usukani kwa kicheko, mpaka Bi Zuwena akashindwa akaketi kwenye ngazi ya mlango, na sikujua mara ya kwanza kama analia au anacheka, kisha nikajua ni vyote.

Akaingia ndani. Mimi nikajitupa kwenye mito myekundu kupumua kabla ya kwenda shule. Nyuma ya pazia nikasikia kochi linalia chini yake, nikasikia anavuta simu, anazungusha namba, anangoja. Nikashusha pumzi nikasubiri "Salama, hajambo."

"Shoga, umekaa? Kaa kwanza. Kocha leo kapiga magoti. Kapiga magoti, nnakwambia, mbele ya mwanangu, uwanja mzima umesimama! Kamshika miguu, Seif usituache, na rais wa klabu nyuma yake analia, na wachezaji wote wanalia..."

Salim akapiga honi nje, tumechelewa. Nikamwashiria kwa mkono kupitia dirishani angoje, maana nilitaka kusikia na mimi nilijibu nini.